Kioo ni Kikubwa, Picha Haitulii

Siku hizi hakuna mji, wala kituo cha soko kilichopata umeme, ambapo mwenye duka la vyombo hakuweka mlangoni televisheni moja pana kama jamvi, ikionyesha samaki wa rangi wanaoogelea, maua yanayofunguka na maji yanayoporomoka majabalini. Wapita njia husimama. Wengine huingia wakauliza bei, na wachache, baada ya kuuza mbuzi au kupata mkopo wa chama, hurudi na gari la kuibebea. Kwenye sanduku pameandikwa kwa herufi nene "4K", na mnunuzi huambiwa kwamba hiyo 4K ndiyo kila kitu. Chombo kikishafika nyumbani na kuunganishwa na intaneti, wale samaki hawaonekani tena. Huonekana ukungu, na nyuso zilizokatika miraba kama sakafu ya marumaru, na kile kiduara kinachozunguka katikati ya kioo mpaka chai ikapoa.

Atauliza msomaji: mambo ya mafundi yana nini katika ukurasa wa utamaduni? Yana mengi. Tamthilia, taarab, mawaidha, mpira, arusi na hata mazishi ya jamaa walio ng'ambo, yote sasa yanatiririshwa kwa intaneti. Ukurasa huu umezoea kuuliza kama mchezo ulitungwa vyema na kuchezwa vyema. Ni haki pia kuuliza kama ulionekana.

Majuma machache yaliyopita nilialikwa Tulia, katika Kaunti ya Kitui, na mwalimu mstaafu ambaye tulijuana naye zamani katika mambo ya mashairi. Jina la mahali pale ni la wenyewe Wakamba, na maana yake waulizwe wao. Lakini sikio la mtu wa pwani halikosi kulisikia kama amri: tulia! Amri hiyo ndiyo iliyokataliwa na televisheni ya mwenyeji wangu. Ni chombo kizuri cha inchi 55, kilichonunuliwa kwa fedha alizotuma kijana wao anayefanya kazi Doha. Jioni baada ya kula muthokoi tulikaa kutazama Country Queen, tamthilia iliyotoka Julai 2022, ya kwanza ya Kenya kubeba jina la Netflix. Ndani yake mnasikika Kiswahili na Kikamba, na kisa chake ni cha binti anayerudi kijijini na kukuta kampuni ya dhahabu inainyemelea ardhi ya watu wake. Basi hapo Ukambani walikuwa wanaitazama hadithi ya Ukambani, na hawakuweza kuutambua uso wa mtu akisimama chini ya mti.

"Ustadh," mwalimu akaniambia, "kijana alituma pesa ili mama yake aone vizuri. Sasa mama anasema macho yake ndiyo mabovu. Ameshaanza kuweka akiba ya kwenda kupimwa na kununua miwani."

"Mwalimu," nikamjibu, "kabla ya kumpima Mwaitu macho, tuipime hiyo picha."

Na hili la Mwaitu ndilo lililonisukuma kushika kalamu, maana wangapi wamekwisha kujilaumu wao, au kulilaumu duka, au kununua kioo kingine kikubwa zaidi, na ugonjwa uko mahali pengine kabisa?

Tulipokuwa chuoni, mwalimu wetu wa Kurani hakuwa na mzaha na nukta. Be ina nukta moja chini, te ina mbili juu, the ina tatu. Umbo la herufi ni lile lile, na mtoto aliyesahau nukta moja alikuwa ameandika neno jingine, na alilipata alilostahili. Picha ya televisheni nayo ni nukta tupu. Kioo cha HD kamili kina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kwenda juu, jumla yake 2,073,600. Kioo cha 4K kina 3,840 kwa 2,160, yaani 8,294,400, mara nne barabara. Hayo ndiyo yaliyoandikwa kwenye sanduku, nayo ni kweli. Yasiyoandikwa ni kwamba kioo hakiumbi nukta. Kioo ni ubao mtupu, na nukta huletwa. Zikiletwa laki nne na kidogo, kama zilivyokuwa katika filamu za santuri za DVD, kioo cha milioni nane hulazimika kuzikisia zilizosalia, na makisio hayo ni ya yule mtoto aliyesahau darasa: mahali pamejazwa, lakini neno limebadilika.

Tena hata nukta hizo haziletwi zote. Lau zingeletwa zote, hapana waya wa nyumbani ambao ungezibeba. Kampuni inayotuma huibana picha. Pale ambapo ukuta wa nyuma haukubadilika hutuma habari mara moja na kusema "endelea vivyo hivyo", na hutuma upya kile tu kilichosogea. Ndiyo sababu msomaji wa habari aliyekaa kitini huonekana safi, na papo hapo ikiingia picha ya mpira au ya mvua kubwa, kila kitu huvunjika. Isitoshe, filamu moja huwekwa katika ghala la kampuni kwa nakala kadhaa, kutoka hafifu hadi safi kabisa, na kila nakala hukatwa vipande vya sekunde chache. Televisheni yako huomba kipande kimoja kimoja. Njia ikiwa nyeupe huomba kipande kizuri. Ikisongamana huomba hafifu ili picha isisimame. Kwa hivyo ile picha inayong'aa dakika mbili na kufifia dakika tano haikuharibika. Inafanya biashara na njia.

Na njia yenyewe imeanzia kwetu. Mwaka 2009 mikonga miwili ya mawasiliano ilifika Mombasa kwa njia ya bahari, TEAMS kutoka Fujairah na SEACOM, na mwaka uliofuata EASSy ikajiunga nayo. Kabla ya hapo intaneti ya nchi ilitegemea setilaiti, na filamu ya saa moja isingefikiriwa. Tangu hapo habari hupita chini ya bahari tuliyovulia samaki, zikapanda bara kwa nyuzi za kioo nyembamba kama unywele. Nyuzi hizo hufika mitaa ya Nairobi na Mombasa mpaka ukutani mwa sebule. Lakini katika nyumba nyingi za Tulia na vituo vinavyofanana nayo, safari ya mwisho haina waya: ni mlingoti wa simu juu ya kilima, na kijisanduku chenye laini ya simu ndani ya nyumba. Mlingoti huo ni mmoja na watu ni wengi. Saa mbili za usiku, kila mwenye simu amekwisha kula na anatazama kitu, na kila mmoja hupata fungu dogo. Alfajiri, watu wamelala, fungu ni kubwa. Mtu wa Kitui hana haja ya kuelezwa jambo hili na mimi, kwani anajua maji hayatoki kwa wingi wa tangi. Hutoka kwa upana wa bomba, nalo bomba hupimwa pale lilipo jembamba.

Netflix wenyewe wanashauri megabiti 3 kwa sekunde kwa HD ya kwanza, 5 kwa HD kamili, na 15 kwa 4K. Mwalimu alikuwa na simu, nasi tukaipima kasi kwa tovuti ya fast.com, palepale ilipo televisheni na saa ile ile ya kutazama, maana kupima saa nne asubuhi ukiwa umekaa karibu na kijisanduku ni kujidanganya. Tukapata 2 na nukta kadhaa. Basi Mwaitu hakuwa na ugonjwa wa macho. Nyumba iliyonunua kioo cha kunywa 15 ilikuwa inanyweshwa 2.

Hapo lazima niseme jambo ambalo wauza televisheni hawatalipenda. Katika kutiririsha, picha bora kwa mtu wa kawaida si ile yenye namba kubwa kabisa. Ni ile iliyotulia. HD kamili inayokaa bila kuyumba tangu mwanzo hadi mwisho wa mchezo huipita 4K inayopanda na kushuka kama ngalawa penye wimbi, kwa sababu jicho huzoea upungufu wa nukta lakini halizoei kubadilishiwa kila baada ya pumzi mbili. Hata hesabu ya macho inaniunga mkono. Kwa kioo cha inchi 55, mtu mwenye macho mazima akikaa mbali zaidi ya mita 2 na robo hivi hawezi tena kuzitenga nukta za HD kamili moja moja. Katika sebule ya mwalimu, viti viko mita 3 na zaidi kutoka ukutani. Zile milioni sita za nyongeza, hata zingefika, zingekuwa za nani?

Na zikifika zinakula. Kwa hesabu ya Netflix, saa moja ya 4K hutafuna hadi gigabaiti 7, HD kama 3, na picha ya kawaida kama 1. Mwenye bando la gigabaiti 20 atapata saa zisizofika 3 za 4K, au saa 6 na kitu za HD, au 20 za picha ya kawaida. Mwenye nyumba asiyelijua hili huiacha televisheni ijichagulie, ikakuta njia nyeupe alfajiri mtoto anapotazama katuni, ikavuta kilicho bora kabisa, na jioni baba akitaka habari bando limekwisha. Yafaa kila mtu aingie katika mipangilio ya akaunti yake na kuchagua mwenyewe. Kule YouTube kila video ina kitufe cha kuchagua, kutoka 144 hadi 2160 kwa zile zilizorekodiwa hivyo. Wala msomaji asidhani uchaguzi huo ni wake pekee. Machi 2020, wakati wa korona, Netflix na YouTube zilipunguza ubora wa picha Ulaya kwa ombi la wakuu wa Jumuiya ya Ulaya ili njia zisizibe, na YouTube ikaifanya picha ya kawaida kuwa ndiyo ya kuanzia duniani kote kwa mwezi mmoja. Mkono ulio juu ya bomba uko mbali.

Kuna vizuizi viwili vingine vya nje ambavyo sitavikawilia. Kwanza, daraja ya malipo: kwa Netflix 4K hutolewa kwa walipao daraja ya juu tu, na ukilipa ya chini hata uwe na faiba chini ya mto hutaiona. Pili, vile visanduku vya bei nafuu vya kugeuza televisheni ya zamani kuwa ya intaneti. Vingi havina kibali cha ulinzi wa filamu kinachotakiwa na kampuni hizi, na kwa hivyo hupewa picha ya kawaida tu hata kama vimeandikwa 4K mbele na nyuma. Mtu hulaumu intaneti yake mwaka mzima, kumbe ni mgeni asiye na cheti mlangoni. Hapa wauzaji wanahitaji kubanwa. Kuandika namba ambayo chombo hakitaitoa kamwe ni hadaa, na vyombo vya serikali vinavyolinda wanunuzi visingoje mpaka mtu wa Tulia apande matatu kwenda kushtaki.

Sasa ndani ya nyumba. Kijisanduku cha mwalimu kilikuwa chumbani, juu ya kabati, kuta mbili za mawe kutoka sebuleni, chini ya mabati. Walikiweka huko kisiibiwe. Mabati na mawe ni adui wa mawimbi. Tukakitoa, tukakiweka kwenye dirisha linaloelekea mlingoti, na kasi ikapanda ikavuka 6. Kisha tukaleta waya wa mtandao wa mita kumi kutoka dukani, tukaunga kijisanduku na televisheni bila kupitia hewani, na kuyumba kukapungua sana. Watu huudharau waya huo kwa sababu unaonekana wa kizamani na unapita mlangoni, lakini hakuna waifai inayoushinda kwa utulivu. Asiyeweza waya na atumie njia ya 5 GHz badala ya 2.4 ikiwa televisheni iko chumba kimoja na kijisanduku. Ikiwa kuna ukuta katikati, ile ya 2.4 hupenya vizuri zaidi ingawa ni ya polepole. Na simu za vijana waliokaa barazani wakipakua nyimbo zinywe baadaye. Bomba ni moja.

Kwa wale ambao hata mlingoti hauwafiki, tangu Julai 2023 Starlink imeruhusiwa Kenya, na dishi lake linaonekana juu ya mapaa sehemu ambazo nyuzi hazitafika karibuni. Lina kasi ya kutosha hata 4K. Bei yake si ya kila mtu, nami sitamshauri mzee auze ng'ombe kwa ajili ya tamthilia.

Tukishaiweka njia sawa, yabaki ya kioo chenyewe, na hapa ndipo mshairi anapokasirika. Televisheni nyingi hutoka kiwandani zikiwa zimewekwa kwa ajili ya kushindana dukani, chini ya taa kali, kando ya nyingine ishirini. Rangi zimekolezwa, mwanga umepandishwa, kingo za vitu zimechongwa mpaka kila mtu ana mstari mweupe kichwani kama malaika wa kanisani. Kisha kuna ule ulainishaji wa mwendo, unaoitwa majina tofauti na kila kiwanda. Filamu huchukuliwa kwa picha 24 kwa sekunde. Kioo hicho hubuni picha nyingine na kuzitia katikati, na matokeo yake filamu iliyotengenezwa kwa miaka miwili huonekana kama igizo lililorekodiwa jana kwa kamera ya arusi. Desemba 2018 mwigizaji Tom Cruise na mwongozaji Christopher McQuarrie walitoa video ya kuwasihi watu wauzime, na mwaka 2019 muungano wa watengeneza televisheni na studio ulileta mpangilio maalumu, Filmmaker Mode, unaozima mambo hayo yote kwa mara moja. Mwenye nao na autumie. Asiye nao na achague ule ulioandikwa Movie au Cinema, ashushe uchongaji wa kingo karibu na sufuri, azime ulainishaji, azime na uwekaji akiba wa umeme ikiwa unaigeuza picha kuwa magharibi. Mara ya kwanza itaonekana ya manjano na pole. Mpe siku tatu.

Na si suala la ladha tu. Rangi zilizokolezwa na weusi uliozidishwa huziharibu kwanza nyuso zetu. Hili lina historia. Kodak walikuwa na kadi za kupimia rangi katika maabara za picha, na kwa miaka mingi aliyekuwa juu ya kadi hizo ni mwanamke wa Kizungu. Ngozi yake ikitokea vyema, kazi imepita. Mweusi alikuwa akipotea kivulini akabaki macho na meno. Leo ubanaji wa picha unafanya kitu cha jamaa hiyo hiyo: njia ikiwa nyembamba, mashine huanza kupunguza sehemu zenye giza, kwa kuhesabu kwamba jicho haliangalii huko. Lakini katika tamthilia ya Ukambani, usiku, taa ya chemli mezani, huko gizani ndiko waliko wahusika! Mwaitu alikuwa ameyakosa yale ya gizani. Tulipomaliza kuweka kila kitu, tukairudisha sehemu ile ya chini ya mti. Akatazama kimya, kisha akamwambia mumewe jambo kwa Kikamba, nao wakacheka. Nilipouliza, nikaambiwa alisema kwamba mtu yule anafanana na shemeji yake.

Ile akiba ya miwani iko palepale, na kwa umri wake apimwe tu. Lakini asipimwe kwa kosa la kijisanduku.

Hayo ni ya watazamaji. Ninalo la kuwaambia wanaotengeneza na wanaoweka, na kwangu hili ndilo zito zaidi. Usiku ule ule, baada ya Country Queen kukaa sawa, mwalimu aliomba tuone vichekesho vya zamani. Akatafuta Vitimbi YouTube. Kasi ilikuwa ile ile, waya ule ule, kioo kile kile, na picha ikawa matope. Marehemu Mzee Ojwang, aliyetuaga Julai 2015, alionekana mnene kama pipa, kwa kuwa aliyeiweka video alikuwa ameivuta picha ya umbo la mraba ya siku zile ijaze kioo kirefu cha siku hizi. Sauti ilikuwa na mwangwi. Mistari ya kanda ilikuwa imekatiza kila aliyeinua mkono. Hilo la kuvutwa, mtazamaji aweza kulipunguza kwa kitufe cha upana wa picha kwenye rimoti, na kuridhika na weusi wa pembeni. Mengine hayana dawa upande wa mtazamaji. Hakuna megabiti zitakazorudisha nukta ambazo hazikuwekwa.

Na ndivyo ilivyo kwa sehemu kubwa ya mali yetu. Kenya imekuwa na televisheni tangu 1962. Zanzibar ilikuwa na ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, ilhali Tanzania Bara ilingoja hadi 1994. Kuna kanda katika maghala ya vituo, kuna kanda katika masanduku ya watu binafsi, na Mombasa kuna familia zenye arusi nzima nzima za taarab ya miaka ya 1980, waimbaji ambao wengine wamekwisha kutangulia mbele ya haki. Kinachofika kwenye intaneti, mara nyingi, ni nakala ya nakala ya nakala, iliyochukuliwa kwa simu iliyoelekezwa kwenye televisheni nyingine, kona imekatwa, na feni inasikika. YouTube nayo hubana kila kinachowekwa. Kilichokwisha kubanwa mara tatu kabla ya kufika huko, hutoka kikiwa kivuli. Kijana wa leo akilinganisha, huona mchezo wa Korea unaong'aa na taarab ya bibi yake iliyooza, na bila kuambiwa na mtu huamua ni ipi iliyo ya watu wenye akili. Tumempa hukumu hiyo sisi wenyewe.

Kwa hiyo naviomba vituo vyenye maghala, vya serikali na vya watu binafsi, viache kuona kuweka mtandaoni kuwa ni kazi ya kijana wa mafunzo saa za mwisho za Ijumaa. Kanda isomwe kwa mashine yake yenyewe, iliyosafishwa kichwa, iingizwe katika kompyuta moja kwa moja, umbo lake la mraba liachwe lilivyo, na nakala iliyobanwa kidogo kabisa ihifadhiwe kabla ya ile ya kutuma. Kanda za sumaku huchakaa zikiwa kabatini, hasa katika joto na chumvi ya pwani, na mashine za kuzisomea hazitengenezwi tena. Viwanda vya mwisho vya mashine za VHS viliacha mwaka 2016. Mafundi wanaoweza kuzifufua wapo, wazee wachache, na wengi wao wamekwisha kuhamia simu.

Na wale wanaorekodi leo, arusi, maulidi, ngoma ya kilumi huko Kitui, mashairi ya jukwaani: simu ilazwe, isisimamishwe wima. Ifutwe kioo cha kamera kabla ya kuanza, maana mafuta ya kidole ni ukungu. Mtu asimame upande wenye nuru, si mbele ya dirisha. Irekodiwe HD kamili, na ikipelekwa kwa mwenzako isipelekwe kwa WhatsApp kama video ya kawaida, kwa kuwa hubanwa njiani. Ipelekwe kama faili, au kwa kadi mkononi mwa dereva wa basi ikibidi. Ile nakala ya kwanza, iliyo katika simu, isifutwe kabla mtu hajaitazama ile iliyofika, kwenye kioo kikubwa, tangu mwanzo hadi mwisho.